Mfereji na Shule

Mtu akweaye kwa miguu yake mwenyewe miteremko ya Kilimanjaro, akapita katikati ya migomba na mibuni ya vihamba vya Uru, Kibosho au Machame, hakosi kuusikia mlio wa maji yatiririkayo kando ya njia kabla hajayaona. Maji hayo hayakujiendea yenyewe. Yalichepuliwa kutoka mito ya msituni, huko juu karibu na makazi ya ukungu, yakaongozwa kwa mifereji iliyochimbwa kwa mikono, ikazungushwa magengeni na kuvushwa mabondeni, hata yakafika uani kwa mtu aliye mbali kabisa na chemchemi. Mfereji wa namna hii Wachagga huuita mfongo, na habari yake ndiyo nipendayo kuitanguliza, ijapokuwa makala haya ni ya shule; maana nimeketi katika mikutano mingi ya wazazi, na nyaraka za wakubwa wa elimu nimezisoma kwa wingi, wala sijaona fundisho lipitalo lile la mfongo juu ya swali linalotutaabisha: watu hufanyaje hata wakakiona kitu cha wote kuwa ni chao?

Taratibu za mfongo ni chache. Siku ya kuuzibua, au ya kuuziba pale ulipobomolewa na mvua za masika, wito ulipigwa asubuhi, na kila nyumba iliyokuwa na haki ya maji ilileta mtu mwenye jembe. Asiyefika bila udhuru alitozwa faini, na zamani faini hiyo aghalabu ilikuwa mbege, pombe ya ndizi, iliyonywewa papo hapo na waliotoka jasho. Kisha maji yaligawanywa kwa zamu, na zamu ilijulikana na kila mmoja, hata mtu akiyaelekeza shambani kwake saa isiyo yake jirani wa chini aliyaona yakipungua, akapanda juu kwa hasira za haki. Hapa ndipo ilipo siri yenyewe. Mchimbaji hakuwa mtu wa kuchangia tu. Alikuwa na kauli, na macho yake yalitosha kuhakiki hesabu, kwa kuwa hesabu ya maji haifichiki.

Teremka sasa mpaka mjini. Soweto ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Moshi, mji ambao kwa sensa ya mwaka 2022 ulikuwa umepita watu laki mbili, na jina lake ni lile lile la kitongoji cha Johannesburg ambako tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi na polisi. Kwa ajili ya damu ile Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliiweka tarehe hiyo, tangu mwaka 1991, kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika. Basi kata yetu ina jina ambalo, katika historia ya elimu ya bara hili, ni zito kuliko majina mengi ya vyuo vikuu.

Lakini katika Soweto ya Moshi hakuna mfongo wa kuchimba. Maji huja kwa bomba, na wito wake ni ankara ya kila mwezi. Mkazi wake ni muuguzi, karani, fundi seremala, dereva wa bodaboda, mwuza nguo za mitumba katika soko la Memorial au mwuza nafaka wa Mbuyuni; aghalabu ni mpangaji, na jirani yake wa ukuta kwa ukuta aweza kuwa Mpare wa Same, Msambaa, Mmeru au Mrangi, ambaye hana naye ukoo, wala kanisa, wala msikiti mmoja. Na hata aliye Mchagga wa asili, nyumba yake ya Soweto kwake ni makazi, ilhali kwao ni kule juu, kwenye kihamba alimozikwa babu yake.

Jambo hili la kwao ndilo gumu kuliko yote katika habari ya shule za mjini, nami nashangaa kwamba halitajwi sana. Husemwa kuwa mzazi wa mjini hana moyo wa kuchangia shule. Si kweli. Mzazi huyo huyo, akiletewa kadi ya kuchangia ukarabati wa shule ya msingi aliyosoma Rombo au Vunjo miaka thelathini iliyopita, hutia mkono mfukoni, tena hutaka jina lake lisomwe kwa sauti. Na mwezi wa Desemba, wakati ule ambapo mabasi ya kutoka Dar es Salaam huja yamejaa watu warejeao mlimani kwa Krismasi, hukaa kikao cha kijiji na kubishana mpaka jua linatua juu ya choo cha shule ambayo mwanawe hataisoma kamwe. Shule anayosoma mwanawe leo, ya mtaa wa pili, haijui ila kwa rangi ya sweta. Moyo anao, ila moyo wenyewe umebaki mlimani.

Sharti tuulize basi, shule za mlimani ziliupataje moyo huo? Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kufika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Leipzig wakaja mwaka 1893. Mmoja wao, Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902 na kukaa Moshi ya Kale sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi, alitia mkazo ukoo, ujirani na rika kuwa ndizo nguzo ambazo jambo jipya lingesimama juu yake. Mwanzoni shule zilikuwa za wageni, na wapo wazazi waliowapeleka watoto kwa kumwogopa mangi, mtawala wao wa jadi, kuliko kwa kuipenda elimu. Mtihani ulikuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipoishika nchi, wamisionari Wajerumani waliondoshwa mwaka 1920, na mtu wa nje angalidhani kuwa shule zao ndogo ndogo za vijijini zingesafiri nao. Hazikusafiri. Walimu wenyeji, kwa ujira mdogo au bila ujira, waliendelea kufundisha kusoma na kuandika, na majirani wakaendelea kuwapelekea watoto. Na wageni waliporudi miaka michache baadaye walikuta kitu walichokiacha kimepata wenyewe wapya.

Kisha ikaja kahawa. Wakulima walianzisha chama chao cha kwanza mwaka 1925, na mwaka 1933 ukaandikishwa ule Umoja wa ushirika ujulikanao mpaka leo kwa herufi nne, KNCU. Na katika miaka ya 1950, bei ilipokuwa njema, debe la kahawa lilikuwa ndilo ada, ndilo sare, ndilo daftari. Baraza la Wachagga lilikuwa hata na gazeti lake, Komkya, na watu waliozoea kusikia hesabu za kahawa yao katika mikutano ya vyama vya msingi walizoea pia kuuliza hesabu za darasa. Sina haja ya kuupamba wakati ule. Wasichana wengi waliachwa nyumbani, na aliyekuwa hana mibuni alikuwa hana sauti. Ila tabia ya kuuliza ilikuwapo.

Hali hiyo haikuwa ya Wachagga peke yao. Ng'ambo ya mpaka, huko Kenya, Wakikuyu waliotofautiana na wamisionari walijenga shule zao huru tangu mwisho wa miaka ya 1920, wakawa na chuo chao cha walimu Githunguri mwaka 1939, hata Serikali ya kikoloni ikazifunga shule hizo wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Na pwani yote, kutoka Lamu hata Kilwa, chuo cha Kurani kimeishi karne nyingi kwa hisani ya mtaa: mwalimu hupewa kidogo kidogo, mtoto akihitimu wazazi hutoa sadaka, na mwenye mali huacha nyumba au minazi iwe wakfu. Mwanachuoni aliyefundisha vibaya aliambiwa barazani, tena jioni ile ile.

Uhuru ulileta insafu ambayo wakati wa ukoloni haikuwapo. Ilikuwa dhuluma kwamba mtoto wa Kilema azaliwe karibu na shule tatu na mtoto wa Kibiti asiwe karibu na hata moja, au kwamba Mwislamu asome tu kwa kupita mlango wa kanisa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitia shule za madhehebu mikononi mwa Serikali. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likafungua njia ya elimu ya msingi kwa wote, iliyotimizwa kwa kampeni kubwa mwaka 1977. Natoa kauli yangu waziwazi: nchi ilifanya haki. Lakini kila haki ina gharama yake, na gharama ya haki hii ilikuwa kwamba mzazi, aliyekuwa akisema shule yetu, alijifunza taratibu kusema shule ya Serikali. Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alikuwa ametaka kila shule iwe pia shamba na jamii iishiyo kwa jasho lake. Walimu wengi walilichukua shamba na kuisahau jamii, na mtoto akarudi nyumbani na jembe lenye matope bila mzazi kuambiwa mavuno yamekwenda wapi.

Kilimanjaro ililipa gharama ya pili. Katika miaka ya 1970 nafasi za kidato cha kwanza ziligawanywa kwa mikoa ili iliyoachwa nyuma ipate kuinuka, na mtoto wa mlimani aliyefaulu alijikuta nje ya mlango. Wazazi walinung'unika, lakini hawakuishia hapo. Kwa parokia na usharika, kwa Jumuiya ya Wazazi, kwa mifuko ya wilaya na kwa vikao vya vijiji, walijenga shule za sekondari zao wenyewe, hata kufikia miaka ya 1980 mkoa huu ukawa na sekondari za watu binafsi na jumuiya nyingi kuliko mkoa wowote mwingine wa nchi, jambo ambalo mtaalamu wa Kimarekani, Joel Samoff, ameliandikia kwa urefu. Walikuwa ni wale wale waliokuwa wakiitwa wavivu wa kujitolea katika shule za Serikali. Tofauti haikuwa ya tabia. Shule hizi mpya walikuwa wameulizwa habari zake kabla ya msingi kuchimbwa.

Shule za kata zilipokuja, chini ya ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004, nguvu za wananchi zilirudi kwa sura nyingine. Kila kata iwe na sekondari yake. Wananchi walete mawe, mchanga na kokoto, wachimbe msingi na kuinua boma, halafu Serikali ipaue na kuleta mwalimu. Maboma yaliinuka haraka kuliko walimu walivyopatikana, na wenye kebehi wakaziita shule za yeboyebo, kwa jina la vile viatu vya plastiki vya bei nafuu. Kebehi hiyo sikuipenda. Mtoto mwenye yeboyebo alikuwa anakwenda shule.

Ndipo tukafika mwaka 2016. Kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ada ya sekondari ya kutwa, shilingi 20,000 kwa mwaka, na ya bweni, shilingi 70,000, zilifutwa mpaka kidato cha nne, na pamoja nazo ile michango ya lazima, kuanzia msingi, ambayo kwa kweli ilikuwa nzito kuliko ada: ya mlinzi, ya dawati, ya mtihani wa kujipima, na mingine ambayo jina lake lilibadilika kila muhula. Watoto waliokuwa wamefichwa majumbani walimiminika darasa la kwanza. Ilikuwa neema, na asiyeiona neema hiyo hajapata kufukuzwa shule kwa kukosa shilingi elfu mbili. Lakini masikioni mwa watu wengi elimu bila malipo iligeuka kuwa elimu bila mzazi. Waraka mwingine, Namba 3 wa mwaka 2016, ulilazimika kutoka kueleza kuwa sare, daftari, chakula na matibabu ya mtoto vingali juu ya mzazi, na kwamba mtu kuchangia kwa hiari hakukukatazwa. Waraka ule wa kwanza ulisomwa redioni. Huu wa pili ulibandikwa ofisini.

Hebu tufanye hesabu, kwa kuwa wazazi wengi hawajapata kufanyiwa. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi imekadiriwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, na katika hizo 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, ili shuleni zifike 6,000, yaani shilingi 500 kwa mwezi. Shule ya mjini yenye watoto 800, ikipata kila kitu kwa wakati wake, hupokea laki nne kwa mwezi, na kutoka hizo itoe chaki, karatasi za mitihani, matengenezo ya madawati na milango, michezo na mahitaji ya ofisi. Mtu mwenye kibanda cha chipsi huzungusha zaidi ya hapo. Mzazi akionyeshwa hesabu hii ubaoni, kwa tarakimu zinazoonekana kutoka benchi la nyuma, hahitaji hotuba ya uzalendo. Na asipoonyeshwa, hudhani kuwa ipo mali mahali fulani, inaliwa.

Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika mkutano wa wazazi wa shule moja ambayo sitaitaja. Uliitwa siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, saa ambayo mwuza mboga ndiyo kwanza anapata wateja na kibarua amekwisha kubeba zege. Kati ya wazazi waliopita mia tano walifika kama arobaini, akina mama watupu isipokuwa wazee wawili na mimi. Taarifa ya mitihani ilisomwa haraka, ya michango ikasomwa polepole. Mama mmoja aliyefunga khanga juu ya gauni la kazi alisimama, akasema, "Shikamoo, Mwalimu Mkuu. Naomba kufahamu, zile fedha za uji tulizotoa mwaka jana ziliishia wapi?" Akajibiwa, kwa upole wala si kwa ukali, kwamba taarifa ipo ofisini, mwenye kuitaka aje aione. Mama akaketi. Mwaka uliofuata, nilivyoambiwa, hata wale arobaini hawakutimia, na kamati ikaandika katika kumbukumbu zake kwamba wazazi hawana mwamko.

Neno hilo, mwamko, ningalikuwa na mamlaka ningalilifungia kabatini kwa miaka mitano. Linamfanya mzazi kuwa mtu aliyelala, ambaye kazi ya wengine ni kumpigia debe hata azinduke, ilhali mara nyingi yu macho kabisa na amekwisha kupima: akaona kwamba huitwa wakati wa kutoa, haitwi wakati wa kuamua. Sheria imempa kamati ya shule, ambamo wajumbe wa wazazi huchaguliwa na wazazi wenyewe, na siku hizi upo pia umoja wa wazazi na walimu. Vyombo si haba. Ila kamati nyingi hukutana ili kutia sahihi, na mjumbe aliyechaguliwa kwa kuinuliwa mikono katika mkutano wa watu arobaini hajui anamsemea nani.

Mahali ambapo mambo yamekwenda vizuri, aghalabu chanzo kilikuwa chakula. Makande ya mchana hayangoji sera. Mtoto wa mjini aliyetoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu bila kitu tumboni, ifikapo saa sita hasikii tena mwalimu anasema nini, na mzazi hulijua hilo bila kuelimishwa. Na jambo la chakula lina tabia ya mfongo: gunia la mahindi laonekana, kilo za maharage zapimwa, sufuria i wazi, na mtoto akirudi husema kama amekula au la. Hesabu yake haifichiki. Wazazi wakikaa kupanga nani atoe nafaka na nani, kwa kuwa hana, atoe kuni au zamu ya kupika, na mwenye udhuru wa kweli asamehewe na mtoto wake ale kama wengine, basi wamekwisha kuwa chombo. Na chombo kilichojua kulisha watoto mia nane hakishindwi kuuliza kwa nini darasa la tano halina mwalimu wa hisabati.

Soweto ina hazina ambayo vijiji vya juu vimeipoteza, nayo ni watu wa ufundi. Vijana waliobaki kijijini ni wachache, walioshuka mjini ni wengi. Fundi bomba, fundi umeme, mwashi, mhasibu wa duka, muuguzi: hao wote wana watoto darasani, na saa mbili za Jumamosi za mtu aijuaye kazi yake zina thamani kupita noti ya elfu kumi iliyotolewa kwa kinyongo. Lakini fundi haitwi kwa barua ya mhuri iliyotiwa mkobani mwa mtoto. Huitwa na fundi mwenziwe, au na mwenyekiti wa mtaa akimkuta gengeni, au kwa ujumbe wa simu katika kundi la wazazi, ambalo, likiepushwa na matangazo ya biashara na salamu za asubuhi zisizo na mwisho, lafaa kuliko baragumu.

Na siku ya kukutana isiwe Jumanne, wala isiwe Desemba. Vijiji vya mlimani hufanya vizuri kungoja wiki ile baina ya Krismasi na mwaka mpya, wakati watu wao wote wamerudi, lakini wiki hiyo hiyo Soweto huwa tupu, milango imefungwa kufuli, na bodaboda zimepandisha watu na mizigo yao kuelekea juu. Kata hii ina siku yake tayari kwenye kalenda, tarehe 16 Juni. Siku hizi hupita kwa maandamano mafupi, fulana, na hotuba ya mgeni rasmi. Watoto huimba, kisha hukaa juani. Ingefaa, alasiri ya siku hiyo, milango ya madarasa iachwe wazi, wazazi waketi kwenye madawati ya watoto wao, magoti yao yakigonga mbao, na watoto wenyewe ndio wasomeshe: waonyeshe daftari, waonyeshe dirisha lisilo na kioo, waonyeshe tundu la choo lililofungwa tangu masika.

Mtoto aliyezaliwa Soweto, ukimwuliza kwao ni wapi, hukutajia kijiji cha babu yake, Kibosho au Mkuu, ambako huenda mara moja kwa mwaka na ambako njia ya kufikia mfongo huonyeshwa na binamu zake. Ukimwuliza shule yake, hakutajii kitu. Hunyoosha kidole tu, kwa maana paa lake laonekana kutoka pale aliposimama.